Makopo ya Kesho

Ujumbe uliingia kwenye simu wakati Chiriku amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakoroga rangi kwa kijiti. Alijifuta kidole kwenye suruali, akafungua, akasoma, akasoma tena. Kiwanda cha rangi kimemkubali. Likizo ndefu yote atakuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, ndani ya maabara ile ile aliyokuwa akiitazama mtandaoni mpaka mama yake akamuuliza kama amepata mchumba. Chumba cha kulala kipo, posho ipo. Kiwanda chenyewe kiko mbali, safari ya mabasi mawili na kulala njiani. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa adhuhuri.

Mtu mwingine angepiga kelele. Na yeye si mtu wa kunyamaza, jina la Chiriku hakupewa bure. Alianza kusema mapema na hajapumzika mpaka leo. Lakini siku hiyo aliirudisha simu mfukoni, akaendelea kukoroga, na kitu cha kwanza alichokihisi, kabla hata ya furaha, kilikuwa hasira. Alijua vizuri anamkasirikia nani. Mtu huyo alikuwa ameketi pale mbele yake, mgongo umeinama, anachora herufi R bila rula huku anapiga mluzi.

Baba yake ndiye mchoraji wa mabango wa mtaa mzima, na watu humwita Fundi Brashi. Kuanzia kituo cha mafuta mpaka geti la shule, ukiona herufi zimesimama wima kama askari kwenye gwaride, ujue ni mkono wake. Akikuchorea kuku, utatafuta kisu. Na huyo Fundi Brashi, pamoja na sifa zote hizo, hatofautishi nyekundu na kijani. Bluu anaiona, njano anaiona, nyeusi na nyeupe anaziona kama wewe na mimi, lakini nyekundu na kijani, ukiongeza na kahawia, kwake ni tope moja. Ndivyo alivyozaliwa.

Mchoraji wa mabango asiyeona rangi! Ungedhani ni utani wa vijiweni. Nyumbani kwake hakuna aliyecheka, maana jambo lenyewe halitajwi. Likibidi sana kutajwa husemwa kwamba macho ya baba yamechoka, macho yaliyochoka tangu siku ya kwanza alipoyafumbua. Zamani mama ndiye aliyemchanganyia rangi. Kisha Chiriku akafika darasa la tatu, akaonekana ana jicho, mama akaenda zake kupika kwenye jiko la shule, na makopo yakabaki kwa mtoto. Wakati ule alifurahi sana, alijiona malkia. Tangu hapo, kila jioni, hata sasa akiwa mwaka wa pili kwenye chuo alichokichagua kwa sababu tu anaweza kwenda na kurudi kwa miguu, anachanganya rangi za kazi ya kesho, anazimimina kwenye makopo ya maziwa, na kuyapanga juu ya ubao mrefu kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mpangilio ambao baba atayatumia. Asubuhi baba anaanzia kushoto, anamalizia kulia. Wateja husema mkono wa Fundi una baraka.

Aliwahi kumshauri waandike majina ya rangi kwenye makopo. Baba alikuja juu. "Mpishi gani anaandika 'chumvi' kwenye kopo la chumvi?" Chiriku akamjibu kwamba ni wengi tu, na baba hakusema naye kutwa nzima. Safari nyingine alimwekea kwenye simu programu inayotaja rangi ukiielekeza kamera. Baba aliitazama simu ile kama vile imemtukana. Azungumze na simu mbele ya wateja, yeye? Basi kukawa hakuna makopo yenye majina wala simu inayosema, kukawa na Chiriku.

Aliwaambia wakati wa chakula cha jioni.

"Nimepata ile nafasi ya kiwandani."

Mama aliweka kijiko chini. "Ile ya mbali?"

"Ile ya mbali."

"Mungu mkubwa." Mama alimtazama mumewe, kisha akaitazama sahani. "Hongera, mwanangu. Hongera sana. Basi, uamuzi ni wako."

Jamani, mtu anayekwambia uamuzi ni wako huku ameinamia sahani kama aliyefiwa, hajakuachia uamuzi wowote. Amekuachia lawama. Chiriku alimgeukia baba.

"Baba, unasemaje?"

"Nani amekuzuia? Nenda." Baba alivuta mkate kwake. "Mgongo wenyewe umenichosha. Nitaifunga karakana hiyo miezi, nipumzike."

"Uifunge? Na wateja?"

"Watasubiri."

"Hawatasubiri, baba. Watakwenda kwa yule anayechapa mabango kwa mashine."

"Basi waende."

Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliomkata Chiriku maini. Angemkataza! Angesema mtoto wa kike haendi mbali, wagombane kama watu wengine, milango ibamizwe, majirani wasikie, na yeye afunge begi lake akiwa na haki yote upande wake. Badala yake ameambiwa aende, na bei ya kwenda imewekwa mezani pale pale karibu na chumvi.

"Kuna njia nyingine," alisema. "Unaweza kuwaambia watu."

"Kuwaambia nini?"

Mama alikohoa.

"Unajua nini, baba. Kwamba wewe..."

"Chakula kinapoa," baba alisema.

Na kweli, kilipoa.

Aliyeshangilia bila kumung'unya maneno ni mama mdogo. Huyu ni mdogo wake mama, ana saluni nyuma ya soko na sauti inayofika sokoni kabla yake. Alipita karakana Jumatano jioni, akamkumbatia Chiriku mpaka akamvuruga nywele.

"Umeula, mwanangu! Na jibu umeshawapa?"

"Bado."

"Bado nini? Kinachokushika hapa nini?"

"Karakana."

"Karakana!" Mama mdogo alizungusha macho kwenye kuta zilizorukiwa na rangi, kwenye matambara, kwenye vumbi la msasa lililolala juu ya kila kitu. "Hii karakana inataka fagio tu. Usiniambie unaacha bahati yako kwa ajili ya vumbi. Sisi wengine ni wa kazi gani?"

Hakuwa akijua habari ya macho ya baba. Shemeji yake ni huyo, lakini hajawahi kuambiwa, maana siri ya nyumba ile ilifichwa hata kwa watu wa nyumba. Chiriku alifungua mdomo, akamwona baba mlangoni anasafisha brashi, akayameza maneno. Mama mdogo alipoondoka, Chiriku alichanganya rangi za kesho kwa fujo mpaka nyingine ikamwagika.

Kazi ya kesho ilikuwa bango la duka la mboga na matunda. Mwenye duka anaitwa Mama Mizani, kwa sababu hapunji mtu wala hapunjwi. Chiriku alipanga makopo: la kwanza nyekundu, ya nyanya na nyama ya tikiti maji, la pili kijani, ya mchicha na ganda la tikiti, la tatu kahawia, ya vikapu. Herufi zilikuwa bluu na njano, hizo baba anajiwekea mwenyewe.

Alhamisi asubuhi Chiriku alikuwa na mtihani chuoni, na baba alikwenda dukani kufunga vyuma vya kuning'iniza bango. Katikati ya hapo mama mdogo akaja na ndoo, sabuni na moyo mweupe. Alifagia, akakung'uta, akapiga deki. Aliinua makopo, akaufuta ubao mpaka ukang'aa, akayarudisha makopo juu ya ubao, yamejipanga vizuri. Tena alikuwa amefanya jambo jema. Alikwenda zake saluni akiimba, na baba aliporudi akaukuta ubao wake na makopo yake, akaanzia kushoto.

Alasiri, akitoka chuoni, Chiriku alisikia vicheko kabla hajafika kwenye kona ya duka. Bango lilikuwa limeshapandishwa, na chini yake watu wamejaa. Nyanya zilikuwa kijani kibichi, kijani cha kuumiza tumbo. Mchicha ulikuwa mwekundu. Na katikati, kubwa, limechorwa kwa ustadi mpaka mbegu zinang'aa, lilikaa tikiti maji lenye ganda jekundu na nyama ya kijani.

"Tikiti limevaliwa nje ndani!" mmoja alipaza sauti.

"Na mchicha umechinjwa!" mwingine akadakia, na watu wakashikana mabega kwa kucheka.

Mama Mizani hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama na mikono kiunoni. "Fundi, unanitania mimi? Nani ataingia kununua vitu hivi? Niambie, wewe ungeingia?"

Baba alikuwa amesimama kando ya ngazi, kofia mkononi, anatazama juu. Alikuwa anatafuta kosa. Kidole chake kilitembea hewani, herufi baada ya herufi, midomo ikisoma polepole.

"Herufi gani nimekosea?" aliuliza. "Mbona zipo zote?"

Watu wakacheka upya, wakidhani anajitia hamnazo. Chiriku peke yake ndiye aliyejua kwamba anauliza kweli.

"Kumbe siku hizi unalewa," Mama Mizani alisema. "Mchana kweupe, Fundi. Mtu mzima na heshima zako."

Damu ilimchemka Chiriku. Alimkasirikia Mama Mizani na mdomo wake, akawakasirikia wale wanaocheka, akamkasirikia mtu asiyemjua aliyegusa makopo. Zaidi ya wote alimkasirikia yule mzee anayehesabu herufi zake, ambaye angeweza kufungua mdomo wakati wowote katika maisha yake yote na hakuufungua. Akausukuma umati.

"Hajalewa! Baba hanywi! Haoni rangi, basi! Nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja, ndivyo alivyozaliwa! Ninayemchanganyia ni mimi, kila siku ni mimi, tangu nikiwa mtoto, na nimechoka!"

Neno la mwisho hakulipanga. Lilitoka na mengine.

Vicheko vilikatika. Mama Mizani alishusha mikono kutoka kiunoni, hajui aiweke wapi. Baba alimtazama binti yake, hata hakukunja uso. Kisha akavaa kofia, akaibeba ngazi begani, na watu wakampisha.

Nyumbani, habari ilikuwa imetangulia. Mama alikuwa jikoni anasugua sufuria iliyokwisha takata.

"Umemvua nguo baba yako barabarani," alisema bila kugeuka.

"Mama, walikuwa wanamwita mlevi."

"Wacha wamwite! Mlevi huamka kesho yake akawa mzima. Hiki ulichokisema atakivua lini? Miaka yote hii tumemsitiri, wewe kwa dakika moja..."

"Mmemsitiri kwa kitu gani?" Chiriku alisikia sauti yake inapanda na hakuizuia. "Nguo yake ni mimi, mama! Kila asubuhi mnanivaa mimi! Halafu mnaniambia eti uamuzi ni wangu! Uamuzi upi? Nguo inaamua kwenda wapi?"

Mama aliibwaga sufuria kwenye sinki na maji yakaruka mpaka ukutani.

"Unadhani mimi sikuvaliwa?" Aligeuka, na uso wake ulikuwa na hasira ambayo Chiriku hajawahi kuiona pale. "Nilimwomba aseme. Tulipooana nilimwomba, wewe ulipozaliwa nilimwomba. Akaniambia akisema tutakula nini. Nikashika kijiti nikakoroga. Siku ulipojua kutenganisha nyekundu na kahawia, nilitoka kwenye ile karakana sikugeuka nyuma. Nilishukuru."

"Ulishukuru."

"Nilishukuru. Nichukie ukitaka."

Pengine angemchukia pale pale, ila mlango ulifunguliwa na mama mdogo akaingia analia. "Mimi nilifuta vumbi tu! Wallahi nilifuta vumbi!" Akajibwaga kwenye kiti. "Shemeji yangu haoni rangi? Ndiyo maana! Dawa ilipoharibu nywele zangu zikatoka kijani, mtaa mzima ulinicheka, yeye peke yake akaniambia zimenipendeza!"

Siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini. Mama alirudi kwenye sufuria yake, na Chiriku akaenda kusimama mbele ya mlango wa chumba cha baba, uliokuwa umefungwa.

"Baba."

Aligonga kwa kidole.

"Baba, nisamehe kwa kusema mbele ya watu." Alisubiri. "Lakini siombi msamaha kwa kusema."

Ndani kitanda kililia, kama mtu amegeukia ukutani.

Alikaa kwenye ngazi za uani na simu yake. Aliandika kwamba anashukuru sana kwa nafasi, lakini kutokana na sababu za kifamilia hataweza kufika. Sababu za kifamilia! Aliyachukia maneno hayo mpaka akatamani kuirusha simu juu ya paa. Mtu wa kiwandani atasoma, atadhani kuna mgonjwa au kuna msiba, ataandika pole, kisha atampa nafasi mtu mwingine kabla chai haijapoa. Hakuutuma ujumbe ule. Hakuufuta pia.

Ijumaa aliamka mapema na mpango kichwani. Atalishusha bango mwenyewe, atalipaka upya, atamwomba radhi Mama Mizani, halafu atatuma ule ujumbe. Atakaa. Atapanga makopo mpaka nywele zimwote mvi, na kila anayemuuliza atamtazama kwa jicho ambalo halitamruhusu kuuliza tena. Alitembea kwenda karakana akikanyaga chini kama anaipiga barabara.

Milango yote miwili ilikuwa wazi. Kawaida baba hufungua mmoja tu. Bango lilikuwa limeshateremshwa, limelazwa juu ya meza, na Mama Mizani ameketi kwenye kreti la soda karibu yake, uso wa mtu aliyeitwa shahidi asijue kesi ni ya nani. Baba alikuwa amesimama mbele yake na kopo mkononi, amelisukuma karibu limguse pua.

"Hii ni rangi gani?"

"Nyekundu, Fundi."

"Nyekundu ipi? Nyekundu ziko nyingi."

"Nitajuaje mimi? Nyekundu ya nyanya."

"Nyanya mbivu, au inayoanza kuiva?"

"Mbivu. Ile ya kupika leo leo."

"Na hii?"

"Kijani."

"Kijani gani?"

"Kijani tu, jamani!"

"Kijani tu hakuna. Ingekuwa kijani tu ningekuita hapa asubuhi yote hii?"

Aliuliza kwa sauti ya kumhoji mwizi. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama, na kila swali lilitoka kama jino linalong'olewa. Wapita njia wawili walikuwa wamesimama mlangoni, mmoja wao bado ana tabasamu la jana. Baba alimwona.

"Wewe unachekea nini? Njoo hapa. Hili kopo lina rangi gani?"

Tabasamu likamtoka yule mtu. "Kahawia, Fundi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Asante. Haya, pita zako."

Yule mtu akapita zake. Chiriku alikuwa amesimama kizingitini, hakuna aliyemkaribisha. Macho yake yalikwenda kwenye kopo la kijani, yenyewe tu, kwa mazoea, na akaona limezidi kiza. Mchicha ungeonekana wa juzi. Mkono wake ulianza kunyooka.

"Baba, hiyo inataka njano kidogo, ngoja nikuwekee..."

"Sijakuuliza wewe."

Hakugeuka hata kichwa.

"Baba, nakuambia tu kwamba..."

"Nimesema sijakuuliza wewe!" Kopo lilitikisika mkononi mwake, tone likaangukia kiatu chake. "Wewe una safari."

Mama Mizani akainama, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Chiriku alirudi nyuma mpaka barabarani. Hasira ilimpanda upya, mbaya kuliko ya jana. Kumbe inawezekana! Kumbe ni asubuhi moja tu, kopo moja, mtu mmoja kwenye kreti, na maneno matatu, hii rangi gani, yanayojulikana na kila mtoto! Alitaka kurudi ndani amwulize alikuwa wapi na maneno hayo wakati mama anakoroga, wakati yeye anachagua chuo kwa kuhesabu mitaa, wakati wenzake wanacheza jioni na yeye ananuka tapentaini. Alitaka kumpiga ngumi za mgongo kama alivyofanya akiwa mdogo. Alisimama pale analia kwa hasira, watu wakimpita, akafuta ujumbe wa sababu za kifamilia, akaandika kwamba anakuja, akautuma bila kuusoma mara ya pili.

Ndani Mama Mizani alikuwa anasema, kwa sauti ya chini, kwamba pengine binti ana kweli, kijani inataka njano kidogo.

"Kidogo kiasi gani?" baba alimfokea.